Mdeni wa Ukurasa wa Arobaini na Saba

Kwa msomaji aliyelitumia gazeti la wiki iliyopita kufungia sahani, nitarudia kwa ufupi. Simlaumu. Dukani kwetu nasi tunalitumia hivyo hivyo.

Nina stashahada ya uhasibu. Nina pia shangazi mwenye duka la vyombo: sufuria, beseni, ndoo, birika na chupa za chai. Shangazi aliniajiri kwa majaribio ya miezi mitatu ili nimfungulie vitabu vya hesabu. Kwa miaka ishirini na miwili hakuwa na kitabu hata kimoja. Alikuwa na ukuta.

Mteja akikopa sufuria, Shangazi alimpa sufuria na kubaki na mfuniko. Ndani ya mfuniko aliandika deni kwa chaki, bila sifuri za maelfu, kisha akautundika kwenye msumari. Chini ya msumari, ukutani, palikuwa na jina la utani la mdeni. Ukimaliza kulipa, ulipewa mfuniko wako. Usipolipa, ulipika bila kufunika, na majirani wakajua wewe ni mtu wa namna gani.

Mimi niliutazama ukuta ule kama daktari anavyoutazama ulimi mchafu. Nilimpandisha muuzaji wetu, Dada wa Kaunta, juu ya kiti. Alisoma jina ukutani, akanipa mfuniko, nami nikanakili deni kwenye leja. Mifuniko arobaini na mitatu. Kisha nikaiosha yote kwa sabuni, na mahali pake nikabandika karatasi yenye methali: Mali bila daftari hupotea bila habari.

Tuliishia hapo. Mifuniko inakauka juani, na urari wangu umegoma.

Urari, kwa aliyebahatika kutolisoma somo hili, ni karatasi yenye safu mbili. Jumla ya kushoto lazima ilingane na jumla ya kulia. Ikilingana, mhasibu anakunywa chai. Isipolingana, chai inamnywa yeye.

Wangu haukulingana. Upande wa kushoto ulipungua kwa elfu sabini na tano.

Chanzo nilikijua, angalau kwa nje. Jumla ya madeni nilimuuliza Shangazi mwenyewe. Jumla aliishika kichwani. Deni la mtu mmoja mmoja aliliachia mifuniko. "Laki tisa na elfu hamsini," alijibu bila kuacha kuhesabu vijiko. Jumla hiyo niliiingiza kwenye mtaji. Lakini wadeni wenyewe, mmoja mmoja, walinipa laki nane na elfu sabini na tano.

Ningeweza kumwambia Shangazi kwamba kichwa chake kimekosea. Ningeweza pia kwenda kulala mbele ya gari la taka. Matokeo yangekuwa yale yale.

Jumatatu nilitafuta kosa kwa kanuni. Tofauti ikigawanyika kwa tisa, umepindua tarakimu mahali fulani. Haikugawanyika. Ukiigawa kwa mbili ukapata kiasi unachokijua, umeandika upande usio wake. Nilipata thelathini na saba na nusu, na hapakuwa na mtu wa thelathini na saba na nusu. Nilipitia jarida, ambamo kila muamala huandikwa kwanza kwa tarehe. Nilipitia leja. Nilipitia ankara zote za mwenye kiwanda cha ndoo. Kila kitu kilikuwa sahihi, isipokuwa jibu.

"Bado unamtafuta?" Dada wa Kaunta aliniuliza.

"Nani?"

"Huyo unayemfukuza humo kitabuni tangu asubuhi."

"Ni tofauti ya elfu sabini na tano."

"Wakati wa mifuniko hakukuwa na tofauti," alisema, akaenda kuwahudumia watu wenye shida za kweli.

Jumanne aliingia Fundi Viti. Ni mtu mwembamba, mwenye penseli sikioni na sifa ya kutolipa hata salamu.

"Binti, nasikia siku hizi mambo yamo kitabuni," alisema. "Hebu niangalizie langu."

Nilifungua ukurasa wake. "Elfu kumi na sita."

Penseli ilimdondoka.

"Kumi na ngapi?"

"Na sita. Kama una malalamiko, yaandike kwenye karatasi."

"Malalamiko? Mimi?" Mkono ulikuwa umekwisha kuingia mfukoni. "Mimi ni mtu wa amani, binti."

Alilipa haraka kuliko mtu anayekimbia mvua. Aliomba risiti. Aliomba muhuri juu ya risiti. Aliomba sahihi yangu juu ya muhuri, na neno "amemaliza" juu ya sahihi. Kisha akapokea mfuniko wake na kuubusu.

"Elimu ni kitu kizuri sana," alisema akiwa mlangoni. "Wazazi wako hawakupoteza ada."

Nilifurahi kutwa nzima. Mjinga na mtu aliyesifiwa hufanana sana. Hata kioo hakiwezi kuwatenganisha.

Siku ya mwisho ya kulitafuta kosa ilikuwa Alhamisi. Alhamisi, saa nne asubuhi, Bwana Magodoro angekuja kukagua vitabu. Duka lake la magodoro linapakana na letu, ukuta kwa ukuta, na ukuta wenyewe ni ule wa mifuniko. Alitaka kununua nusu ya biashara ya Shangazi, ukuta ubomolewe, liwe duka moja kubwa. Shangazi aliniahidi kwamba siku hiyo ikipita salama, ningeajiriwa moja kwa moja na kupewa ofisi yenye mlango. Wakati huo meza yangu ilikuwa katikati ya ndoo. Mteja akitaka ndoo ya kijani, mimi nilisogezwa.

Sasa naungama.

Jumatano alasiri, nikiwa na akili timamu na tumbo lililoshiba, nilifungua ukurasa wa arobaini na saba. Kurasa tatu za mwanzo za leja ya wadeni ni faharasa, na wadeni ni arobaini na watatu. Ukurasa huo ndio uliokuwa wa kwanza mtupu. Juu yake niliandika: Mpiga Picha. Upande wa kushoto niliandika: Bidhaa kwa mkopo, 75,000.

Chuoni tulifundishwa kwamba tofauti isiyojulikana huwekwa kwenye akaunti ya muda. Iandikwe wazi, kisha itafutwe. Mimi niliiweka kwenye akaunti ya muda, lakini nikaivisha suruali.

Kwa nini mpiga picha? Kwa sababu mtaa wetu haukuwa na mpiga picha. Mafundi viatu tunao watano. Ukimzua wa sita, wote watakuja kuuliza ni nani.

Urari ulilingana papo hapo. Nilipiga mistari miwili chini ya jumla kwa wino mwekundu. Niliupenda urari ule kama mtu anavyompenda mchumba aliyemdanganya umri.

Alhamisi saa tatu na nusu asubuhi Shangazi aliomba vitabu. Alivaa miwani yake, ambayo mkono mmoja ni wa asili na mwingine ni waya. Alizipindua kurasa kama anayemnyonyoa kuku.

"Mama wa Kona yupo. Mwalimu Mrefu yupo. Baba Mapacha yupo, Mungu amsamehe. Fundi Viti..." Aliinua uso. "Fundi Viti amemaliza?"

"Jumanne, Shangazi."

"Fundi Viti huyu huyu?"

"Mtu akiona deni lake kitabuni anaona aibu."

"Aibu ya mtu huyo ilikufa kabla wewe hujazaliwa." Hata hivyo alitabasamu, akapindua. Nilianza kupumua. Alifika ukurasa wa arobaini na saba, na kidole kikasimama.

"Na huyu?"

"Mpiga Picha."

"Najua kusoma. Nauliza huyu ni nani."

"Ni mdeni, Shangazi."

"Mwanangu, nakumbuka kila mfuniko niliotundika. Huyu sikumtundika. Nani kamkopesha?"

Hapo palikuwa na njia mbili. Ya kwanza ilikuwa kusema kweli. Ya pili ilikuwa kuzimia. Nikachagua ya tatu, iliyopita juu ya mgongo wa mtu mwingine.

"Ni siku ile uliyokwenda kung'olewa jino," nikasema. "Nadhani ni Dada wa Kaunta."

Nadhani. Neno hili ni blanketi la waongo waliosoma.

Nieleze uzito wa nilichokitenda. Dada wa Kaunta alikuwa na miaka kumi na mmoja dukani. Anaigonga sahani mara moja na kujua kama ina ufa. Mshahara wake unalisha watu watano, na mmoja wao ni kaka yake mwenye afya njema na uvivu wa kudumu. Na dukani kuna sheria moja tu: hakuna anayekopesha ila Shangazi. Muuzaji aliyetangulia aliivunja asubuhi, na alasiri aproni yake ilikuwa imekunjwa mezani.

Mimi nilikuwa na mpango. Dada angekana. Shangazi angebaki na mashaka. Bwana Magodoro angekuja, angesaini, angeondoka. Baadaye ningemfuta Mpiga Picha taratibu, na hakuna ambaye angeumia.

"Dada!" Shangazi aliita. "Njoo hapa na masikio yako yote mawili!"

"Abee, mama." Alikuja na beseni mkononi.

"Siku niliyong'olewa jino, ulimkopesha mpiga picha vyombo vyangu?"

Nilisubiri akane. Alimtazama Shangazi. Aliitazama leja. Kisha akanitazama mimi, na beseni likamtoka mikononi, likazunguka sakafuni kwa muda mrefu kuliko ilivyo lazima.

"Mhasibu," aliniuliza kwa sauti ndogo, "umejuaje?"

Nilijisikia kama mtu aliyechora simba kwenye karatasi, kisha akamsikia akinguruma.

"Yupo?" nikasema.

"Yupo nani?" Shangazi alinigeukia. "Si umemwandika mwenyewe?"

"Yupo... kitabuni. Ndivyo nilivyotaka kusema."

Baadaye nilielewa. Mwaka ule wote Shangazi alikosekana dukani siku moja tu. Kama kuna dhambi yoyote iliyofanyika kwa siri katika duka lile, lazima ilifanyika siku ya jino.

"Anaishi upande wa pili wa mji," Dada alisema, macho yakiwa sakafuni. "Aliingia kuulizia chupa ya chai, akaona ukuta. Akaomba aupige picha. Akasema hajawahi kuona kitu kama kile. Amehamia nyumba mpya, mama, na hana hata sufuria ya kuchemshia maji. Na ana... ana tabasamu."

"Tabasamu!" Shangazi alisimama. "Mimi nimlipe mwenye kiwanda tabasamu? Nimkatie vipande viwili, vitatu?"

"Mfuniko nilibaki nao, mama. Utaratibu niliufuata."

Aliinama chini ya kaunta, akaingiza mkono nyuma ya magazeti ya kufungia, akatoa mfuniko. Ndani yake palikuwa na chaki: 40.

Shangazi aliutazama mfuniko. Kisha akaitazama leja.

"Mfuniko unasema arobaini. Kitabu kinasema sabini na tano."

"Ni arobaini, mama. Nilikuwa nimepanga kuzilipa mimi mwenyewe, kidogo kidogo, kila mwisho wa mwezi."

"Mhasibu?" Shangazi alisema. Kwa kawaida huniita mwanangu.

Hapa ndipo ninapowaomba msilichane gazeti. Watu wengine wamelilipia.

"Kitabu hakikosei, Shangazi," nikasema. "Chaki hufutika."

Dada wa Kaunta hakunitukana. Alinitazama tu, kama anavyoitazama sahani baada ya kuigonga.

"Kwa hiyo thelathini na tano zimeliwa," Shangazi alisema.

"Mama, nakuapia..."

"Miaka kumi na mmoja, halafu unaniletea viapo? Vua aproni. Iweke mezani."

Dada alianza kufungua kamba za aproni. Fundo lilikuwa limekaza. Shangazi aligeuka ukutani. Mkono wake una mazoea: akikasirika, hutundika. Aliinua ule mfuniko hadi kwenye msumari, akausimamisha hapo, akafoka tena.

"Hata kuandika umeandika ovyo! Mstari uko wapi? Nimekufundisha mara ngapi? Mfuniko ni duara, hauna kichwa wala miguu. Mstari ndio ardhi! Usipopiga mstari chini ya hesabu, kumi na nane inageuka themanini na moja!"

Mstari.

Mistari ile niliiona. Kila mfuniko ulikuwa na mstari mfupi wa chaki, mara chini ya tarakimu, mara juu yake, kwa kadiri ulivyonifikia mkononi. Nilidhani ni pambo. Nilidhani ni uzee. Mingi haikunidhuru, kwa sababu ina mbili, tatu, tano na saba, na hizo ukizipindua hazisomeki, kwa hiyo niliiweka sawa bila kufikiri. Lakini mmoja ulisomeka vizuri sana. Kumi na sita, mstari ukiwa juu.

Niliupindua kichwani mwangu. Tisini na moja.

Tisini na moja ukitoa kumi na sita ni sabini na tano.

Niliiona penseli ikidondoka. Nililiona lile busu. Nilimsikia mtu wa amani akiniambia kwamba wazazi wangu hawakupoteza ada.

"Shangazi," nikasema, "kuna jambo..."

"Hodi hapa!"

Bwana Magodoro alikuwa amewahi kwa dakika ishirini. Ni mtu mnene, mpole, mwenye sauti ya usingizi, kama inavyofaa kwa biashara yake. Nyuma yake aliingia mtu mwembamba mwenye penseli sikioni.

"Karibu, jirani," Shangazi alisema. Uso wake ulibadilika mara moja. Mfanyabiashara ana nyuso mbili na anazihifadhi karibu karibu.

"Ahsante, mama. Huyu ni shemeji yangu, kaka wa mke wangu, nadhani unamfahamu. Sitakuficha, nilikuwa na wasiwasi na hivi vitabu vipya. Lakini shemeji ananiambia hajaona vitabu vizuri kama hivi tangu azaliwe."

"Tangu nizaliwe," Fundi Viti alithibitisha. Alitoa risiti yangu mfukoni. Alikuwa ameifunga kwenye mfuko wa nailoni, kama cheti cha ndoa. "Muhuri huu hapa. Sahihi hii hapa. Amemaliza. Kazi ya binti huyu haina doa."

Akanikonyeza.

Nilikuwa na nafasi ya kusema pale pale. Lakini kusema kungemfanya shemeji wa mgeni kuwa mwizi mbele ya mgeni, na mgeni alikuwa na nusu ya duka mfukoni. Kunyamaza kungemtoa Dada wa Kaunta nje akiwa na jina la mwizi. Nilisimama katikati ya ndoo zangu nikiwa na stashahada.

Fundo la aproni lilifunguka. Dada aliikunja mara nne, vizuri, kama kitu cha kuuzwa, akaiweka mezani. Kisha akachukua bahasha ya kaki kutoka kwenye mkoba wake.

"Mama, hii nilikuwa naitunza nikupe siku ukuta utakapobomolewa," alisema. "Alinipa yule mpiga picha. Ndiyo sababu nilimwamini. Sasa chukua tu."

Shangazi aliipokea kwa kutotaka. Alivuta kilichokuwa ndani, akakisogeza karibu na miwani.

Ilikuwa picha kubwa, safi, ya ukuta wake. Mifuniko arobaini na mitatu kwenye misumari yake, ikimetameta, kila mmoja na hesabu yake, kila hesabu na mstari wake, na chini ya kila msumari jina.

"Lo," Bwana Magodoro alisema, akasogea. "Kumbe ndivyo ulivyokuwa?"

"Ndivyo ulivyokuwa," Shangazi alisema. Sauti yake ilikuwa imelainika. "Kabla haujaoshwa."

Aliweka picha mezani, juu ya leja yangu, na kuanza kuisoma kwa kidole kutoka mwanzo, si kwa kukagua bali kwa kuwasalimia.

"Mama wa Kona, ishirini na tano. Mwalimu Mrefu, thelathini na saba..."

Fundi Viti aliacha kutabasamu. Alikuwa anahesabu misumari, na mimi pia. Msumari wake ulikuwa wa tisa. Nilikuwa na wadeni sita wa kutubia.

"Baba Mapacha, thelathini na mbili."

Nilifungua mdomo.

"Mama Sabuni, tano."

Niliufunga.

"Kinyozi, ishirini."

Dada wa Kaunta alikuwa ameshafika mlangoni. Hakugeuka nyuma. Mkoba wake ulikuwa mdogo sana kwa miaka kumi na mmoja.

"Shangazi!" nikasema, na sauti ikatoka kubwa kuliko nilivyokusudia. "Dada hajaiba kitu. Mfuniko wake ni wa arobaini, ni kweli. Yule Mpiga Picha wa sabini na tano, ukurasa wa arobaini na saba, nilimzua mimi. Niliandika uongo."

Dada alisimama kizingitini.

Nilijisikia mwepesi. Nawaambia ukweli: kwa muda wa pumzi moja nilijisikia mtu mwema. Furahini pamoja nami, maana ilikuwa pumzi moja tu.

Shangazi hakuinua uso. Kidole chake kilivuka mdeni mmoja, kikavuka wa pili, kikavuka wa tatu, kikatua kwenye msumari wa tisa.

"Fundi Viti," alisoma. "Tisini na moja."

Aliisogeza picha kando, akafungua leja, akasoma tena.

"Kumi na sita. Amemaliza."

Wote tulimgeukia Fundi Viti. Nilitarajia akimbie. Nilitarajia aape. Hakufanya lolote kati ya hayo. Alivua kofia yake, akaishika kifuani, na uso wake ukaingia majonzi ambayo sijapata kuyaona hata msibani.

"Mama," alisema, "nilijua siku hii itafika. Nilimwambia huyu binti: tusifanye hivi, huyo ni shangazi yako, damu moja. Akaniambia, wewe lipa kumi na sita, mimi nakupa risiti yenye muhuri. Zile sabini na tano tutagawana. Nitazificha kitabuni kwa mdeni hewa, na yule mzee hatajua kitu."

"Mwongo!" nikasema.

"Na risiti?" akauliza kwa upole.

"Nilisoma mfuniko juu chini! Dada, waambie! Wewe ndiwe uliyekuwa unanipa!"

"Mimi nilikuwa nasoma majina," Dada wa Kaunta alisema kutoka mlangoni. "Hesabu ulikuwa unasoma wewe."

Ilikuwa kweli tupu, na hakuisema kwa ubaya.

"Basi uoneni huo mfuniko," nikasema. "Uko kwake nyumbani."

"Upo," Fundi Viti alikubali. "Msafi kabisa. Si uliuosha?"

Bwana Magodoro alichukua leja kwa mikono miwili, taratibu, kama mtu anayepokea mtoto asiye wake. Alifungua ukurasa wa arobaini na saba. Mpiga Picha. Bidhaa kwa mkopo. Sabini na tano kamili, bila kupungua wala kuzidi. Mwandiko ulikuwa wangu. Tarehe ilikuwa ya Jumatano, siku moja baada ya risiti. Na kwamba mdeni huyo hakuwahi kuwapo, nilikuwa nimekwisha kukiri mwenyewe, kwa sauti kubwa, mbele ya mashahidi wanne.

Mali bila daftari hupotea bila habari. Ya kwetu ilikuwa na daftari. Ilipotea na habari zake zote, na zote zilikuwa kwa mkono wangu.

"Mimi nitarudi siku nyingine, jirani," Bwana Magodoro alisema. Lakini hakuondoka. Hakuna mtu duniani ambaye angeondoka.

Shangazi alivua miwani, mkono wa waya kwanza. Aliibandua methali yangu ukutani, akaikunja, akaitia mfukoni. Alichukua mfuniko mmoja mtupu kutoka kwenye rafu, akatafuta chaki katika droo, akaandika ndani yake sabini na tano. Chini yake alipiga mstari mfupi, kwa uangalifu, kama anayemfundisha mtoto.

Aliutundika kwenye msumari wa tisa. Jina la zamani lilikuwa limefifia pale chini. Alilifuta kwa kiganja hadi ukuta ukawa mweupe.

Kisha akanigeukia, chaki ikiwa bado mkononi. Fundi Viti alirudisha kofia kichwani. Dada wa Kaunta alirudi hatua moja ndani.

"Mwanangu," Shangazi alisema, "hapa chini niandike nani?"